Jogoo Mvivu wa Juba Na Bari

Juba Na Bari,
9 Machi 2025

Kwako Kiden, dada yangu mdogo, huko Eldoret.

Mimi iko mzima, namshukuru Mungu, na natumaini wewe pia uko mzima pamoja na cherehani yako. Hapa nyumbani wote salama. Shamba la Rejaf bado hatujapanda, tunangoja mvua. Kuku wanataga vizuri. Jogoo tu ndiye amekuwa mvivu. Anapanda juu ya ukuta, ananyoosha shingo, anafungua mdomo, halafu hakuna kitu. Nimemwambia Suzan tumchinje, yeye anacheka tu. Kengele ya kanisa nayo imechoka, siku hizi kama hawaipigi. Na kule Nyakuron watu wamestaarabika, wameacha ule muziki wa kutikisa mabati.

Najua utauliza, huyu mzee anaandika barua kwa nini na simu iko. Simu za siku hizi zimeharibika, Kiden. Mtu anaongea kama yuko ndani ya mtungi. Na mimi kuandika nilijifunza kambini Uganda, chini ya turubai, nikiwa na ndevu zangu tayari, na mwalimu akasema hajawahi kuona mtu mzima mwenye kichwa kama changu. Kichwa hicho nikiweke wapi? Barua nampa Gune, yule wa lori la vitunguu, atakuletea mpaka dukani kwako.

Sasa kalam yenyewe, neno lililonifanya niandike. Suzan, huyu mjukuu ambaye marehemu mwanangu aliniachia, amemaliza sekondari na matokeo yametoka. Amepita! Baiolojia amewaacha wavulana wote nyuma. Hesabu amepita pia ila kwa kujikongoja, hiyo tusiwaambie watu. Akili hiyo imetoka wapi? Wewe unajua imetoka wapi.

Basi nimeamua, atakuwa daktari. Si wa kugawa vidonge dirishani. Daktari wa kupasua, yule akiingia na glavu zake watu wote wananyamaza. Nimemwita Santino, katekista wetu ambaye anapaka rangi pia, ameandika kwenye geti: HAPA KWA DAKTARI SUZAN. Herufi nyekundu, mtu anasoma akiwa ng'ambo ya barabara. Watu wameanza kuniita Babu Daktari. Sikuwakataza.

Wewe unashona sare za wanafunzi wa vyuo vya afya, vyuo vyote unavijua. Nitafutie chuo cha kupasua huko Kenya, kizuri, kisicho na uhuni. Fanya haraka maana geti limeshaandikwa.

Ni mimi kaka yako Emilio, yule aliyesikia ndege ya mabomu kabla ya mbwa wa Rejaf kubweka, mkaokoka wote.


Eldoret,
30 Machi 2025

Kaka Emilio, shikamoo.

Barua imefika ikinuka vitunguu, lakini imefika. Hapa sote wazima. Mvua imeanza na matope yanaingia hadi mlangoni pa duka. Kiswahili chako bado kilekile cha kambini. "Mimi iko mzima." Nimecheka hadi sindano ikanidunga.

Hongera kwa Suzan. Nimefurahi nikakupigia simu palepale, Jumapili. Nikakuuliza kama goti limepona, ukanijibu kwamba Askofu ni mzima na anasalimia. Nikapiga kelele hadi wateja wakageuka. Ukasema "tamam, tamam", ukakata. Sawa, simu za Juba ni mbovu.

Nimewauliza wateja wangu kuhusu vyuo. Wanaosomea udaktari huja mwaka wa kwanza kushona makoti meupe, wakicheka. Mwaka wa pili wengine wao hurudi kuniuliza kama nanunua koti lililovaliwa kidogo. Ni miaka sita, kaka, na huko hawataki Hesabu ya kujikongoja. Lakini kazi za hospitali si hiyo moja. Kuna uuguzi, kuna ukunga, kuna maabara, kuna wanaotengeneza miguu ya bandia, kuna kazi ambazo hata mimi sikujua zina shule mpaka nilipoletewa vitambaa vyao. Mwalimu mmoja wa chuo alikuja nimpunguzie sketi, akaniambia watu huchagua jina la kazi kwanza, halafu mtoto akishafika wodini ndipo anagundua kwamba kazi yenyewe hawezi hata kuitazama. Akasema afadhali kwanza aende akae mahali kazi inapofanyika, aone. Na mtu aulize pia kama cheti cha chuo chenyewe kitakubalika akirudi Juba, maana kuna vyuo vya vichochoroni vinachukua watoto wa watu na kuwapa karatasi tu.

Sasa nikwambie kitu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno la Suzan mwenyewe. Yako nimeyaona mengi. Lake sijaona hata moja. Anataka nini? Muulize.

Na ukimuuliza hilo, muulize pia kama ni kweli jogoo hawiki.

Dada yako,
Kiden


Juba Na Bari,
4 Mei 2025

Kwako Kiden.

Mimi iko mzima sana, hata goti. Mvua imekuja, Rejaf tumepanda mtama na kunde. Jogoo nimemuuliza Suzan, amecheka tena. Nyinyi wanawake mnacheka nini?

Geti limefanya kazi, Kiden! Watu wanakuja. Alikuja mmoja na jino, nikamwambia asukutue chumvi. Alikuja askari na kikohozi, nikamwambia aache sigara, akakasirika, maana yake nilipatia. Thiik muuza mkaa alileta mbuzi anayechechemea. Suzan anawaambia wote, "Mimi sijasoma bado, nendeni hospitali," lakini mimi siwezi kumrudisha mgonjwa getini kwangu bila neno.

Halafu akaja Nyagai, jirani yetu wa nyuma, na binti yake mdogo aliyejitia harage sikioni. Nikasema kazi ndogo hiyo, leteni kipini cha nywele nilichokoe. Suzan akasimama mbele yangu amepanua mikono kama golikipa. "Babu, hapana!" Hiyo niliisikia vizuri sana. Akambeba mtoto mgongoni mpaka hospitali. Aliporudi mchana uso unang'aa kama mtu aliyelishwa asali. Ananieleza kuna bwana mmoja huko ana taa ndogo, anachungulia ndani ya sikio, akatumia kifaa chembamba chenye ncha iliyopinda, harage likatoka zima na mtoto hakulia. Tangu siku hiyo kila Jumatano anaenda kukaa kwa yule bwana anatazama. Nimemruhusu. Hata daktari wa kupasua lazima aanze na vitu vidogo.

Unasema nimuulize anataka nini. Nitamuuliza wapi, mtoto mwenyewe haongei? Watoto wa siku hizi wanasema ndani ya mdomo, midomo tu inacheza. Na huyu ameanza tabia nyingine, anasimama nyuma yangu kimya, halafu anakuja mbele kuniangalia usoni. Ujana.

Lakini atasema, tena mbele ya watu. Nimeitisha kikao cha ukoo Jumapili ya kwanza ya Juni. Tangu kaka yetu mkubwa atuache, mdomo wa nyumba yetu ni mimi. Suzan atasimama, ataomba, mimi nitajibu, nitammwagia maji miguuni. Na unajua sisi, neno likishamwagiwa maji mbele ya watu limekwisha. Hata babu yetu na lile neno lake la kuwatoa ng'ombe wake, alijuta mpaka kufa, lakini hakulirudisha.

Ulete jina la chuo cha kupasua kabla ya siku hiyo.

Kaka yako Emilio, aliyesikia ndege kabla ya mbwa.


Eldoret,
15 Mei 2025

Kaka Emilio, shikamoo.

Salamu za hapa ni njema. Leo sizungushi maneno, maana nataka Gune aondoke na barua hii kesho asubuhi ikufikie kabla ya kikao.

Suzan ameniandikia kwenye simu, si mara moja. Hataki kupasua watu. Hajawahi kutaka. Anataka masikio. Anataka kusoma jinsi ya kupima mtu anasikia kiasi gani, na kutibu, na kumwekea kifaa yule ambaye hasikii. Anasema hapo Juba wanaojua kazi hiyo ni wachache na foleni yao inafika nje.

Nimeenda mwenyewe kwenye chuo kimoja hapa Eldoret, na tepu yangu shingoni, nikajifanya natafuta kazi ya sare. Nimeuliza kila kitu. Kimesajiliwa. Kozi ni miaka mitatu. Matokeo ya Suzan yanatosha, hata hiyo Hesabu. Wamenionyesha chumba chenye kuta nene, mtu anakaa ndani na kusikilizishwa sauti ndogondogo. Waliosoma pale wana kazi. Angekaa kwangu, alale chumba cha vitambaa. Nafasi zinafungwa mwisho wa Agosti, na bila sahihi ya mlezi hawampokei. Mlezi ni wewe.

Kwa nini anataka masikio, ameniambia. Lakini aliniapisha, kwa hiyo mimi sisemi. Atasema mwenyewe ukimuuliza.

Nakuomba kitu kimoja. Siku ya kikao, kabla ya kugusa maji, mwambie asimame upande wako wa kulia, karibu. Tafadhali, kaka. Kulia.

Kiden


Juba Na Bari,
8 Juni 2025

Kwako Kiden.

Sisi wazima. Barua yako sijaipata. Wanasema lori la Gune limelala Nimule, gia imevunjika, vitunguu vinaota majani. Kwa hiyo kikao nimekifanya bila jina la chuo, na nimekifanya vizuri kuliko kikao chochote tangu cha harusi yako.

Wote walikuja. Binamu yetu Laku alikuja na koti, na joto lile. Santino aliomba sala ndefu. Nyagai alikuja na yule mtoto wa harage. Suzan akasimama kule mwisho wa mkeka, amevaa gauni ulilomshonea, akaanza kusema. Kiden, mtoto anajua kusema! Mikono inapanda, inashuka. Nilijua mambo ya udaktari yote yanatoka pale. Nyagai akafuta macho kwa kanga. Laku akaacha kutafuna. Halafu Suzan akanyamaza na watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Tamam! Yote uliyoomba, nimekubali yote!" Nikachukua kibuyu, nikammwagia maji miguuni mpaka mkeka ukalowa.

Ungeona! Suzan alinikumbatia akalia mpaka shati langu likalowa nalo. Makofi, vigelegele. Laku alinishika bega akasema kitu akacheka. Santino alinipa mkono kwa muda mrefu kama mtu anayetoa pole, akaniambia mimi ni mzee mkubwa. Nikamwambia hilo halikuwa siri.

Kwa hiyo maneno yamekwisha. Wewe sasa tafuta tu kile chuo cha kupasua.

Kaka yako Emilio, mdomo wa nyumba, aliyesikia ndege kabla ya mbwa.


Juba Na Bari,
22 Juni 2025

Kiden.

Mzima. Barua yako ya Mei imefika.

Masikio? Kiden, MASIKIO?

Nimemwendea Laku. Nikamwambia kwa ujanja, hebu nikumbushe yale maneno mazuri ya mtoto siku ile. Akanikumbusha. Alisema masikio tangu mwanzo mpaka mwisho! Alisema Eldoret, alisema miaka mitatu, alisema atalala kwenye chumba chako cha vitambaa. Laku ananiambia, "Tulijua utakataa, mzee. Tulikuwa tumejiandaa kukubembeleza. Wewe ukasimama ukasema umekubali yote. Tukasema loo, mtu huyu amekomaa."

Siku ile kulikuwa na upepo. Andika hivyo, upepo mkali.

Sasa niambie. Nani amewahi kufa kwa sikio? Mtu anakimbizwa hospitali kwa ving'ora kwa ajili ya sikio? Na geti langu litasemaje? Wewe ulijua tangu Mei na umekaa tu huko unapima vitambaa!

Sahihi siweki. Kikao nitakiitisha kingine, nimwage maji mengine juu ya yale. Nitatafuta namna. Suzan hagombani na mimi. Ananipikia, ananiwekea mchicha, anakaa pale haongei. Au anaongea, sijui.

Emilio


Eldoret,
6 Julai 2025

Kaka Emilio, shikamoo.

Hapa wazima. Baridi ya Julai imefika na mimi nashona na soksi miguuni.

Umesema utatafuta namna ya kuyafuta yale maji. Usihangaike, nimekutafutia. Itisha kikao. Simama mbele ya Laku, na Santino, na Nyagai, useme neno moja tu: "Sikusikia." Basi. Neno ambalo mtu hakulisikia hawezi kuwa amelikubali, kila mtu atakuelewa. Ukilisema, siku hiyohiyo naanza kutafuta chuo cha kupasua, na koti jeupe nitamshonea mwenyewe bila kuwadai kitu. Nimekuahidi, na ahadi yangu nimeiandika hapa uiweke.

Ukishindwa kulisema, weka sahihi.

Sikuandikii haya kwa kucheka. Hebu nikukumbushe ile siku, maana wewe huimalizia kwa sentensi moja ya kujisifu na hadithi yenyewe huisimulii. Tulikuwa tunapalilia mtama. Ukaacha jembe ukasema, "Chini!" Hakuna aliyesikia kitu. Mama alikutukana, akasema unatafuta sababu ya kupumzika. Ukatusukuma mtaroni mmoja baada ya mwingine, mimi ukaniangukia juu, magoti yako yakanichubua mgongo. Ndipo mbwa akabweka. Ndipo na sisi tukaisikia. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuyacheka masikio yako, na hata leo hakuna anayeyacheka. Laku hacheki. Suzan hacheki, anamcheka jogoo tu. Masikio yale yalifanya kazi ya watu wote. Yakichoka, yamechoka kwa haki.

Nimesema zaidi ya nilivyotaka. Lililobaki si langu. Muulize mtoto kwa nini anataka masikio. Swali hilo moja. Akae kulia kwako.

Kiden


Juba Na Bari,
3 Agosti 2025

Kwako Kiden, dada yangu.

Mimi iko mzima. Kunde za Rejaf zimekuwa nyingi, nimekuletea mfuko. Barua hii haiji na Gune peke yake, anayekukabidhi unamwona mbele yako. Mwangalie vizuri, amekonda kwa ajili ya safari, mlishe.

Kikao niliitisha. Walikuja wote, Nyagai akaleta karanga. Nikasimama. Neno lako lilikuwa tayari mdomoni, limekaa pale kama mfupa wa samaki. Nikamtazama Laku. Nikamtazama Santino. Nikasema, "Nimewaita niwaambie kwamba lile nililolisema, nililisema." Wakangoja. Nikasema, "Kalas, imekwisha, ni hilo tu." Wakapiga makofi, wakala karanga, wakaenda. Laku anasema kilikuwa kikao kifupi kuliko vyote na kitamu.

Walipoondoka, Suzan alikuwa anaosha vyombo. Nikamwita, nikamvutia kigoda upande wa kulia. Nikamuuliza lile swali. Akajibu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Kusema kweli nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza, lakini nilitaka kusikia tena.

Alichosema sikuandikii. Wewe umekificha tangu Mei. Na mimi nakificha, tuwe sawa.

Kesho yake akanipeleka kwa yule bwana wa taa ndogo. Nilikwenda ili nione mahali mtoto anapofanyia kazi. Nilipokuwa pale wakaniingiza katika kijumba, wakanivalisha kofia yenye waya, wakanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia kitu. Nilibonyeza vizuri sana, hata pale ambapo yule bwana alisema hajapiga sauti yoyote. Alisema hajawahi kuona masikio kama yangu. Suzan anakuja na vipimo, anasema walimu wa huko watavitaka. Lazima watavitaka.

Sahihi nimeweka, iko kwenye bahasha yake. Nimeandika jina langu lote, herufi zote, hata ile ya mwisho inayonisumbua. Nimekubali kwa sababu nilikubali tangu mwanzo. Mimi sisemi maneno mawili.

Leo asubuhi kabla ya lori kuja, nimemmwagia maji tena. Laku anasema mara mbili haijawahi kufanyika. Sasa imefanyika. Safari hii alisimama karibu, kulia, akasema taratibu, na nimesikia kila neno.

Nyumba iko kimya sana tangu mzigo wake upakiwe kwenye lori. Au pengine ilikuwa kimya siku zote.

Kaka yako Emilio


Eldoret,
19 Oktoba 2025

Kaka Emilio, shikamoo.

Salama kabisa. Suzan amenenepa. Sare yake nimemshonea na mfuko mrefu wa ile taa ya kuchungulia masikio, na sasa wenzake wote wanataka mfuko kama huo, kwa hiyo mjukuu wako ameniletea wateja. Hesabu ya mambo ya sauti inamtoa jasho. Analalamika, halafu anakaa mezani kwangu anaifanya mpaka inakubali. Ameshachungulia masikio ya mtaa mzima. Yangu anasema ni machafu.

Desemba atakuja kwako likizo. Atakuletea kitu, yeye na walimu wake wamekihangaikia. Sikwambii ni nini. Nakuomba tu, akikitoa, usianze na neno "sihitaji".

Kiden


Juba Na Bari,
28 Desemba 2025

Kwako Kiden, dada yangu mdogo.

Mimi iko mzima, na Krismasi tumekula vizuri. Suzan alifika siku moja kabla na vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Akafungua kijisanduku. Ndani kuna kitu kidogo kama lile harage la mtoto wa Nyagai. Nikamwambia, yaani tulitoa harage kwenye sikio la mtoto wa watu ili mje mtie lingine kwangu? Sikusema "sihitaji". Lilikuwa karibu kutoka, nikalimeza.

Akaniweka kigodani. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akabonyeza, akazungusha, akarudi nyuma yangu. Nikasikia ndala zake, Kiden. Chap, chap, chap. Ndala! Nikasikia mabati yanalia kwa jua. Nikasikia kijiko. Nikamsikia Nyagai ng'ambo ya ua akimwambia mtu mambo yangu, nikapaza sauti, "Nyagai, nakusikia!" Kijiko kikaanguka huko kwake. Hicho nacho nikakisikia.

Kengele ya kanisa wameitengeneza. Nyakuron wamerudia ushenzi wao, mabati hayalali. Watu wa siku hizi wameacha kusema ndani ya mdomo, nadhani wamejifunza.

Na jogoo amepona uvivu. Alfajiri ya Krismasi alipanda ukutani, akanyoosha shingo, nikaruka kitandani nikitafuta viatu. Hanyamazi! Anawika juani, anawika mvuani, anawika mtu akipita. Nimemwambia Suzan huyu tumchinje sasa hivi. Suzan akacheka. Nikamwambia acheke tena. Anacheka kama marehemu baba yake, anaanza chini halafu anapanda. Miaka yote nilikuwa namwona anacheka, sikujua ni kicheko gani. Jogoo nimemwacha aishi.

Geti Santino amelipaka upya. Sasa linasema: HAPA KWA MTAALAMU WA MASIKIO. GONGA POLEPOLE. Nilitaka aandike na jina langu chini yake, lakini nafasi ikaisha. Watu wanakuja. Mtu akija na jino namrudisha, namwambia hapa si mahali pa kila kitu, hapa ni mahali pa kazi maalumu. Wazee wenzangu wawili nimewapeleka mwenyewe kwa yule bwana wa taa ndogo. Wote walikataa kwanza. Wakaidi sana, sijui watu wanakuwaje hivyo.

Suzan anarudi kwako wiki ya pili ya Januari. Barua zako nazitunza, na hii yangu ni ya mwisho kwa sasa, maana Gune anasema tunamfanya posta. Simu za Juba nazo zimetengenezwa. Jumapili baada ya misa nitakupigia mwenyewe. Uwe karibu. Nina maneno mengi, nataka kukuuliza juu ya mgongo wako, na nataka kukusikia.

Ila nakuomba, ukipokea usipige kelele kama ulivyozoea. Mimi si kiziwi.

Kaka yako,
Emilio